Msamaha wa Kuanguka

Bibi Verlene ndiye aliyelitamka neno lile, na alilitamka kwa fahari.

Kezia alikuwa na miaka kumi na minne, sikio linamuuma, na bibi yake akampeleka zahanati. Daktari alikuwa mgeni, kijana aliyetoka majimbo ya mbali upande wa magharibi. Alimchungulia sikio, akaandika dawa, kisha akauliza kama binti ana tatizo jingine lolote.

"Tatizo hana," Bibi Verlene akasema. "Ila huanguka. Karibu kila Jumapili. Sifa kwa Bwana."

Kwetu Alabama, ukisema binti huanguka hakuna anayeuliza zaidi. Ni kanisani, wimbo umepanda, Roho amemshukia, na wadakaji waliosimama nyuma yake wamemlaza taratibu kwenye zulia. Yule kijana hakuyajua hayo. Akaandika kwenye kompyuta yake: *Hupoteza fahamu kila wiki. Chanzo hakijulikani. Bibi yake anafurahi.*

Maneno hayo yalikaa huko miaka mitano bila kumsumbua mtu, mpaka Kezia alipotaka kuingia jeshini.

Mimi ni jirani yao, nyumba ya ng'ambo ya barabara, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili pembeni ya Bibi Verlene. Kezia huniita shangazi ingawa hatuna damu moja. Kwa hiyo nilijua mapema alichokuwa anakitaka. Mjini kwetu kuna kiwanda cha kuku, na usipofanya kazi kwenye kiwanda cha kuku unafanya kazi kwenye duka linalowauzia chakula watu wa kiwanda cha kuku. Tangu amalize shule Kezia alikuwa anakata mapaja ya kuku. Lakini Mungu alimpa mikono ya ufundi wa mashine. Basi la kanisa lilikuwa limekufa kabisa, mafundi wawili wamelinawia mikono, yeye akalala chini yake Jumamosi moja na jioni likawaka. Jeshi lilikuwa limemwahidi nafasi kwenye shule ya kutengeneza helikopta.

"Shangazi," aliniambia, "helikopta ni kama kanisa letu. Kila kitu kinatikisika na bado inapaa."

Darasa lilikuwa linaanza Oktoba. Asipokuwa amepitishwa na madaktari kabla ya hapo, nafasi anapewa mwingine, na yeye anarudi kwenye mapaja.

Habari mbaya aliileta Sajenti Ruelas, mwandikishaji wa jeshi. Alikuja nyumbani kwa sababu Bibi Verlene alikataa mjukuu wake azungumzie mambo mazito kwenye ofisi iliyopakana na duka la pombe. Alikuwa kijana wa mpakani mwa Texas, viatu vinang'aa, na alikaa pale jikoni kofia magotini huku sahani yake ikijazwa bila yeye kuombwa ruhusa.

"Mama," akaanza, "madaktari wa jeshi wamemkataa kwa sasa. Wanasema ana ugonjwa wa kuanguka."

"Ugonjwa!"

"Lakini njia ipo. Tutamwombea msamaha."

Bibi Verlene akaweka chini kijiko. "Msamaha? Amekosa nini?"

"Hajakosa, mama. Ndivyo tunavyouita tu. Msamaha wa kiafya. Jeshi linaangalia hali ya mtu, likiridhika linaisamehe."

"Kwa hiyo jeshi linataka kumsamehe mjukuu wangu kosa la kumpokea Roho Mtakatifu."

Sajenti akamwangalia Kezia. Kezia akaangalia dari.

"Kumbe..." Sajenti akasema polepole. "Huku kuanguka ni kwa kanisani?"

"Sasa ulidhani huangukia wapi, kijana? Sokoni?"

"Samahani, mama. Kwetu sisi Wakatoliki, mtu akianguka kwenye Misa tunaita gari la wagonjwa."

Bibi Verlene alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana," akasema. "Ongeza pai."

Ilikuwa pai ya pichi. Aliongeza.

Sajenti alidhani jambo lenyewe ni rahisi. Mchungaji wetu aandike barua fupi ya kueleza desturi ya kanisa, basi. Kumbe hamjui Mchungaji Oakes. Barua ilianzia kwenye nyumba ya Mungu kule jangwani, ikapitia kwa manabii, ikafika siku ya Pentekoste, ikakaa hapo kwa muda mrefu, na ikaisha kwa amina kabla jina la Kezia halijatajwa. Jeshi lilijibu kwa mstari mmoja: mwombaji aonane na daktari wa ubongo.

Tukafunga na kuomba. Na hapo ndipo tulipogundua kwamba jambo hili ni gumu hata kuliombea. Jumatano usiku Shemasi Tubbs, ambaye ndiye mdakaji wetu mkuu, alisimama akaanza vizuri sana.

"Bwana, twakuletea binti yako Kezia. Twakuomba umwondolee huku kuanguka..."

"Shemasi!" Bibi Verlene akasema, macho yamefumbwa vile vile. "Usiombe hivyo. Rekebisha."

Shemasi akafikiri. "Bwana, twakuomba Roho wako asimshukie mpaka Oktoba..."

"Rekebisha, Shemasi!"

"Bwana," akasema Shemasi, jasho linamtoka, "urekebishe kompyuta."

"Amina," tukasema wote, na kwa kweli sijaona ombi lililoitikiwa kwa nguvu kama lile mwaka mzima.

Siku ya kwenda Birmingham kwa daktari wa ubongo niliwaendesha mimi, maana Bibi Verlene haendeshi kwenye barabara kuu na Kezia alikuwa amekatazwa usukani na kompyuta ile ile. Usiku uliopita tulikuwa tumemfumua nywele, msuko mzuri wa wiki moja tu, kwa sababu hospitali walisema nyaya za kupimia ubongo haziwezi kupita kwenye misuko. Kwa hiyo alikaa kiti cha nyuma nywele zimetuna kama wingu, uso umenuna. Sajenti Ruelas alimpigia simu njiani.

"Jibu kifupi tu," nikamsikia akisema. "Ndiyo na hapana. Na bibi yako abaki nje."

"Amekusikia," Kezia akamwambia. "Na anaingia."

Daktari wa ubongo aliitwa Lindqvist. Alikuwa mrefu, mweupe kama karatasi, mtu wa Minnesota, mpole sana. Bibi Verlene alimpa mkono na kumuuliza anachouliza kila mtu kabla ya kukaa.

"Unasali wapi, Dakta?"

"Mimi ni Mlutheri, mama."

"Huwa mnaanguka?"

Dakta Lindqvist akafikiri kwa uaminifu. "Huwa tunakaa," akasema.

Aliyebandika nyaya alikuwa mama wa makamo, Nadine. Alimgawanya Kezia nywele kwa ustadi, akipaka gundi na kubandika vidude vidogo kichwani kote. Bibi Verlene alimwangalia kwa muda, kisha akamuuliza yeye ni wa kina nani.

"Wa kina Boykin, mama. Wa kule chini, karibu na mto."

"Boykin! Mama yako si ndiye Essie Boykin, aliyekuwa anapiga tari?"

"Ndiye." Nadine akatabasamu, kisha akaona haya kidogo. "Lakini mimi siku hizi nasali hapa mjini. Kanisa la kimya kimya. Tuna viti vya sofa. Tunaruhusiwa kuingia na kahawa."

"Kahawa," Bibi Verlene akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ndani ya ibada."

"Ndiyo, mama."

"Mungu akusaidie, mwanangu."

Kipimo chenyewe kilichosha. Walimlaza Kezia, wakammulika taa ya kuwaka na kuzima, wakamwambia ahemeheme kama aliyekimbia. Mashine ikawa inachora mistari yake, tulivu kama maji ya bwawa. Dakta aliipitia yote, akasema ubongo ni mzuri, hana alichokiona. Nikasema asante Yesu. Lakini alikuwa bado hajamaliza.

"Tatizo ni kwamba sijaliona tukio lenyewe," akasema. "Bila kuliona siwezi kuliandikia jeshi kwamba si kifafa. Kwa kawaida huanzishwa na nini?"

"Wimbo," Kezia akasema, akikumbuka kujibu kifupi.

"Wimbo gani?"

"Wowote. Ni pale unapopanda."

Dakta akageuka kwa Bibi Verlene, kalamu mkononi. "Mama, unaweza kuimba kidogo? Mpaka unapopanda?"

"Hapana."

"Bibi!" Kezia akasema.

"Nimesema hapana. Roho si mbwa wa kupigiwa mluzi. Niimbe ili uanguke, daktari apime? Sitaki."

"Bibi, ni nafasi yangu hii. Oktoba inafika." Mdomo wake wa chini ulikuwa umeanza kutetemeka, na Kezia si mtu wa kulia, amekatwa na kisu kiwandani akafunga kitambaa akaendelea na kazi. "Nitakufa nanuka kuku, Bibi."

 Bibi Verlene akaangalia mikono yake. Nilikuwa namwombea kimyakimya, maana nilijua anapigana na nini.

"Kuimba ili uanguke, siwezi," akasema mwisho. "Lakini nimekaa hapa tangu asubuhi na sijamsifu Mungu hata mara moja. Hilo naweza kulirekebisha. Arnetta, nishikie sauti."

Akaanza chini, polepole, jinsi anavyoanza Jumapili akiwa amechoka. Nikaingia chini yake. Kezia akafumba macho. Dakta akasogea kwenye mashine, pua karibu inagusa kioo. Tukaenda ubeti wa kwanza, mistari ya mashine imetulia. Ubeti wa pili, imetulia. Tukafika pale unapopanda, tukaupandisha, na Bibi Verlene ana umri wake lakini sehemu ile bado anaipata bila ngazi.

Kezia alibaki amelala kama gogo. Hakuna kitu.

Nyuma ya mashine, mguu wa Nadine ulianza kupiga sakafu.

Kisha mkono wake ukainuka, brashi ya gundi bado imo ndani yake. Akasema "Yesu" mara moja, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni, na akaenda kinyumenyume.

Kezia aliruka kutoka kitandani. Amekulia kanisani na anajua kazi: magoti yamekunjwa, mikono chini ya makwapa, shusha, usitupe. Alimdaka Nadine huku mwenyewe bado amefungwa kwenye mashine, na vidude vikaanza kumtoka kichwani kimoja kimoja, pwa, pwa, pwa, kama bisi. Mashine ikapiga kelele. Mistari ikawa milima.

"Kifafa!" Dakta Lindqvist akapaza sauti. "Ni kifafa!" Akageuka amwone mgonjwa wake, mgonjwa amesimama amemshika mfanyakazi wake. Akageukia mashine. Akageukia mfanyakazi. Hakujua amkimbilie nani.

Bibi Verlene alikuwa ameshavua sweta lake na kumfunika Nadine magoti. "Mwache, Dakta. Usimguse. Vua na wewe hilo koti, huyu ana miguu mirefu."

Dakta alivua koti. Kisha akapiga magoti, akaanza kumuuliza maneno wanayomuuliza mtu aliyezimia. "Nadine? Unanisikia? Unajua uko wapi?"

Nadine alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka masikioni, uso umetulia kabisa. "Niko Birmingham, Dakta," akasema. "Na umenikanyaga nywele."

Dakta akaondoa goti lake. Akakaa pale pale sakafuni katika shati lake, akamtazama Kezia.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho hiki, Dakta."

"Na wewe, ukiwa chini vile. Unajua kinachoendelea? Au unapotea?"

Nikaona lilipo jambo lenyewe. Akisema anapotea, ni ugonjwa, na kwaheri helikopta. Lakini bibi yake alikuwa amekaa pale pale, na Bibi Verlene kwa miaka amewaambia watu wa wilaya nzima kwamba mjukuu wake akianguka huenda mbali sana, na hurudi uso unang'aa. Alishasimama kwenye makongamano akashuhudia hivyo.  Gundi ilikuwa inamshuka kwenye sikio.

"Najua, Dakta. Kila kitu najua, sijawahi kupotea. Siku nyingine ni kweli, ananishukia kweli. Siku nyingine..." Akamwangalia bibi yake, halafu akaangalia sakafu. "Siku nyingine ni viatu."

"Viatu?"

"Vinabana. Na mahubiri ni marefu. Ukianguka, unalala."

Dakta Lindqvist akaandika. Aliandika haraka kama mtu aliyeitafuta sentensi hiyo siku nzima. Bibi Verlene akaufunga mkoba wake. Klik.

Safari ya kurudi haikuwa na maneno. Nilipita lori vibaya na Bibi Verlene hakunikemea, ndipo nilipojua hali ni mbaya. Kezia nyuma alijifanya amelala. Tulipita mashamba, tukapita kituo cha mafuta ambako kila mara Bibi hununua karanga za kuchemsha, akasema twende tu. Niliomba. Sikujua niombe nini, kwa hiyo nilisema Bwana, Bwana, basi.

Karibu na nyumbani, bila kugeuka, Bibi Verlene akauliza:

"Viatu vipi?"

"Vile vyeupe vya Pasaka," sauti ikatoka nyuma.

"Vya mkanda?"

"Ndiyo, Bibi."

Tukaenda mbele kidogo.

"Vile vilikuwa vidogo," Bibi Verlene akasema. "Nilijua tangu dukani. Vilikuwa vimepunguzwa bei."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ile siku ya mkutano wa wilaya? Uliyolala mpaka wakazima taa na Shemasi akakubeba?"

"Ile ilikuwa kweli, Bibi. Ile nakuapia."

"Usiape." Lakini mabega yake yalishuka. Akaangalia dirishani. "Mwaka ule aliokuja askofu," akasema, "nilipoanguka mbele kabisa, watu wakaimba mpaka saa tisa alasiri. Mimi ulikuwa mkanda wa tumbo. Ningesimama dakika nyingine moja ningekufa. Arnetta, hukusikia hilo."

"Sijasikia kitu, Mama."

Nyuma, Kezia alianza kucheka. Alicheka kwa pua kwanza, akijizuia, kisha ikamshinda. Bibi Verlene alisema hakuna cha kuchekesha kwenye mambo ya Mungu, halafu naye bega likaanza, na mimi ikabidi nisimamishe gari pembeni kwa usalama wa sote.

Barua ya Dakta ikaenda jeshini. Tukangoja. Septemba ikawa inaisha na Kezia kila asubuhi anakwenda kwenye kuku, kila jioni anauliza kama Sajenti amepiga. Akaacha hata kuzungumza habari za helikopta, na hapo nilianza kuogopa kweli.

Sajenti alikuja wakati wa chakula cha jioni. Hakupiga hodi na hakufuta viatu. Alikuwa ameshika karatasi juu kama mtu aliyeshinda kuku wa bahati nasibu.

"Umekubaliwa! Msamaha umekubaliwa!"

Kezia alipiga yowe, akaniinua mimi, na mimi si mwepesi. Akamkumbatia Sajenti, akakimbia mpaka barazani na kurudi. Nilipiga makofi, nikalia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ni Bibi Verlene peke yake aliyebaki amekaa.

"Soma yote," akasema.

"Mama, muhimu ni hapa juu, panaposema..."

"Nimesema yote."

Sajenti akasoma. Jina, tarehe, mwombaji amechunguzwa, mwombaji amepewa msamaha. Kisha akapunguza sauti, maana naona naye alikuwa anausoma mstari huo kwa makini kwa mara ya kwanza: "Hali ya mwombaji ya kuanguka imekoma, na haitarajiwi kurudi."

"Rudia hapo."

"Haitarajiwi kurudi, mama."

Bibi Verlene akasimama. "Nani hatarajii?"

"Ni lugha tu ya..."

"Nani hatarajii, kijana? Taja jina! Wamemtabiria mtoto ubaya, kwa maandishi, na muhuri juu! Imekoma! Imekomeshwa na nani? Irudishe. Waambie waandike upya."

"Mama, nikiirudisha itachukua miezi. Darasa linaanza wiki ijayo. Wataanza bila yeye."

"Basi andika pembeni kwamba sisi tunatarajia."

"Siwezi kuandika pembeni ya karatasi ya jeshi, mama. Watanifunga."

Kezia alikuwa ameacha kurukaruka. Alikuja akamshika bibi yake mkono, mkono wake umejaa vikovu vya visu. "Bibi. Kwani Roho anasoma karatasi za jeshi?"

 Bibi Verlene aliligeuza swali hilo kichwani, na niliona analitafutia kosa na halipati.

"Hasomi," akakubali, lakini kwa shingo upande. "Basi tushikane mikono. Wote. Na wewe wa Misa, weka hiyo kofia chini."

Tukashikana mikono kuizunguka meza, kambare wa kukaanga wanapoa katikati yetu. Karatasi ilikuwa kando ya sahani ya mkate wa mahindi, ikingoja sahihi ya Kezia, na kalamu juu yake.

"Bwana," Bibi Verlene akasema, "twaupokea msamaha huu, na twakushukuru kwa ajili yake, isipokuwa ule mstari wa mwisho. Huo twaukataa katika jina la Yesu. Mbariki daktari yule, mfundishe kusimama. Mbariki binti wa Essie Boykin, mtoe kwenye kahawa. Na huyu mtoto wangu aendako, Bwana, umshukie. Umshukie sana, jinsi unavyopenda wewe. Ila umshukie akiwa chini, si akiwa juu ya helikopta."

"Amina!" Sajenti Ruelas akasema, kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Bibi Verlene hakuwa amemaliza. Alivuta pumzi, akaingia kwa wazazi wa Kezia waliotangulia, akaingia kwa majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya angani. Kezia aliuchomoa mkono wake kwangu polepole, akaivuta karatasi, na alikuwa ameshatia sahihi kabla bibi yake hajafumbua macho.